Tusiuapie mwezi kabla ya kuzijua nyota



Kila inapokaribia jioni ya tarehe 29 Shaaban, na tena jioni ya 29 Ramadhani, simu za mji huu wa Dar es Salaam huwa hazipumziki. Huyu anauliza kama umeonekana Mombasa, yule anasema umeonekana Pemba, wa tatu ana ujumbe kutoka kwa shemeji yake aliyeko Oman. Asubuhi yake nyumba moja imefunga, ya jirani inakunywa chai. Mjadala wa kwamba tufuate mwandamo wa nchi yetu au wa popote ulipoonekana si wangu leo. Wenye elimu ya fiqhi wapo na wameshaandika mengi. Nataka kuzungumzia jambo dogo lililo kabla ya mjadala huo, nalo ni jicho la yule anayesema "nimeuona". Je, jicho hilo linaijua mbingu linayoitolea ushahidi?

Nauliza hivyo kwa sababu jicho lililokosea lilikuwa langu.

Jioni ya Machi 12, 1994

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 29 Ramadhani mwaka 1414. Nilikuwa kijana, na Kimara ya wakati ule haikuwa hii ya leo. Mikorosho na miembe ilikuwa bado imesimama katikati ya nyumba, taa zilikuwa chache, na ukipanda kwenye mwinuko uliokuwa nyuma ya mtaa wetu uliona magharibi yote mpaka upande wa Mbezi. Nilifungua kwa tende mbili na maji, nikapanda mbio pamoja na wenzangu wawili.

Magharibi kulikuwa na mawingu membamba. Katikati ya mawingu hayo nikaona kitu cheupe, kinang'aa, chembamba, kama kimelala. Kikafunikwa, kikatokea tena, kikafunikwa. Nikapiga takbira. Mwenzangu mmoja akasema naye kaona, mwingine akanyamaza. Tukashuka kwenda kutoa habari.

Sikudanganya. Hili naomba lieleweke, maana ndilo kiini cha makala haya. Niliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba nimeuona mwezi, na niliamini kila neno nililosema. Wazee wa mtaani waliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Walinijua kuwa ni kijana wa msikitini, nisiyejulikana kwa uongo, hivyo hawakuwa na sababu ya kunikatalia. Nyumba saba zikala siku ya pili yake kwa neno langu, ikiwemo ya mama yangu mzazi.

Katika nyumba ambazo hazikula ilikuwamo ya mzee mmoja wa Kilwa, baharia wa majahazi kwa miaka mingi, ambaye uzeeni alikuja kukaa kwa mwanawe pale Kimara. Jumapili jioni, baada ya kufuturu, aliniita. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia nimpeleke pale nilipouonea mwezi. Tulipanda polepole, yeye na fimbo yake.

"Mwanangu, jana uliuona upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Pembe zake zilitazama wapi?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimeona pembe.

"Na ulizama baada ya muda gani?"

Hilo pia sikulijua, kwani nilikuwa nimeshakimbia kwenda kutangaza. Mzee hakusema kitu. Giza lilipoanza kushika, mwezi ukajitokeza wenyewe bila kutafutwa, umelala kama mtumbwi, pembe zake mbili zimetazama juu. Pembeni yake, palepale nilipokuwa nimenyoosha kidole, ikang'aa nyota moja kubwa nyeupe.

"Ile ndiyo uliyoiona jana," akaniambia. "Ile ni Zuhura. Mwezi una pembe mwanangu, hata ukiwa mwembamba namna gani. Nyota haina."

Miaka mingi baadaye nilipata programu ya kompyuta inayoonyesha mbingu ya tarehe yoyote iliyopita, nikairudisha jioni ile. Mwezi na jua vilikuwa vimekutana siku ileile saa 4 asubuhi. Jua lilipozama Dar es Salaam, mwezi ulikuwa na umri wa saa 8 na nusu tu, nao ulikuwa karibu mno na jua. Rekodi inayokubalika ya kuuona mwezi mchanga kwa macho matupu ni umri wa saa 15 na nusu, na aliyeiweka mwaka 1990 ni mtazamaji mwenye jicho la ajabu. Zuhura ilikuwepo, chini magharibi, na ilizama kiasi cha dakika 45 hivi baada ya jua. Kipande cha wingu kilichoangazwa na machweo, na nyota inayong'aa nyuma yake, basi. Mengine yote yaliongezwa na moyo wangu uliokuwa ukiitaka Idi.

Mama alilipa siku yake ndani ya Shawwali bila kuniambia neno. Angenigombeza ningekuwa nimeshasahau.

Ukweli wa mtu na usahihi wa jicho

Katika vitabu vya historia kuna kisa cha Anas bin Malik (r.a.), sahaba na mtumishi wa Mtume (s.a.w.), katika uzee wake, umri ukikaribia miaka mia. Watu walitoka kuutazama mwezi mwandamo. Anas akasema ameuona na akaonyesha ulipo, lakini hakuna mwingine aliyeuona. Iyas bin Muawiya, ambaye alikuwa kadhi wa Basra na mtu aliyesifika kwa werevu, akamtazama usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho lake. Akaupangusa taratibu na kuulaza, kisha akamwomba awaonyeshe tena. Anas akatazama, akasema hauoni.

Angalieni adabu ya kisa hiki. Hakuna aliyemwita Anas mwongo, na nani angethubutu? Ukweli wa mtu ni kitu kimoja na usahihi wa jicho lake ni kitu kingine. Sisi tunapokea ushahidi kwa kupima kile cha kwanza tu. Tunauliza: ni mcha Mungu? Anaswali? Hatuulizi: pembe zilitazama wapi?

Imam Taqiyyuddin As-Subki, aliyefariki mwaka 1355, naye ni wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, alikwenda mbali zaidi. Alisema hesabu ya uhakika ikionyesha kwamba mwezi hauwezi kuonekana jioni fulani, basi ushahidi wa aliyeuona urudishwe, kwa kuwa jicho linaweza kukosea. Wapo Mashafi wenzake waliompinga. Mimi si mwanachuoni wa kuamua baina yao. Nasema tu kwamba ningelikuwa mbele ya Imam Subki jioni ile ya 1994, angelinirudisha nyumbani, na nyumba saba zingelifunga.

Sayari tulizofundishwa kinyume

Baada ya aibu ile nilianza kwenda kwa mzee wa Kilwa kila nilipopata nafasi. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutofautisha nyota na sayari. Nyota hupepesa, hasa ikiwa chini karibu na upeo. Sayari mwanga wake umetulia. Nyota hukaa na jirani zake miaka nenda miaka rudi, ilhali sayari huhama. Ukiiona Mushtarii leo karibu na nyota fulani, rudi baada ya mwezi mmoja, utaikuta imesogea. Hii Mushtarii huchukua karibu miaka 12 kuizunguka mbingu yote, na Zohali huchukua miaka 29 na nusu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba shule ilikuwa imenichanganya. Wengi wetu tuliimba darasani majina ya sayari tisa: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mushtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Mzee aliposikia orodha hii alicheka mpaka akakohoa. Zohali, kwa lugha ya mabaharia na kwa Kiarabu ilikotoka, ni ile ya sita yenye pete, siyo ya saba. Saratani si sayari, ni kundi la nyota lililoitwa kwa jina la kaa, na Kausi ni kundi la nyota la upinde. Utaridi ndiyo iliyo karibu kabisa na jua, na sisi tulipewa kuwa jina la ile ya mwisho! Ya saba iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781, ya nane mwaka 1846, kwa hiyo wazee wetu hawakuwa na jina lake, nao hawana lawama. Ile ya tisa iliondolewa katika hesabu ya sayari mwaka 2006. Mtoto aliyekariri orodha ile anaamini Zohali haionekani kwa macho, kumbe huenda iko juu ya paa la nyumba yao kila usiku kwa miezi kadhaa. Haya ni majina yetu, yamo katika Kiswahili kwa karne nyingi, na tumeyapoteza kwa kuyakariri.

Sayari zinazoonekana bila chombo ni tano: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Wapo wafasiri wa Qur'an waliosema hizo ndizo zilizokusudiwa katika Suratut Takwir, aya ya 15 na 16, zinapotajwa zile zinazorejea nyuma, zinazokwenda na kujificha. Anayeitazama Mirihi ataelewa kwa nini walifikiri hivyo. Baada ya kila miezi 26 hivi, Mirihi husimama katika safari yake kati ya nyota, ikarudi nyuma kwa wiki kadhaa, kisha ikaendelea mbele tena. Ilifanya hivyo kuanzia Desemba 2024 mpaka Februari 2025. Sababu yake ni kwamba dunia yetu huizunguka jua kwa njia fupi na kwa mwendo mkubwa zaidi, hivyo tunapoipita Mirihi inaonekana kama inarudi, kama vile basi la mwendokasi likilipita daladala pale Kimara Mwisho, abiria akaona daladala linakwenda kinyumenyume.

Zuhura ndiyo ya kujihadhari nayo. Haiendi mbali na jua zaidi ya nyuzi 47, kwa hiyo hutaiona katikati ya usiku. Ama iko magharibi baada ya Magharibi, ama mashariki kabla ya Alfajiri. Ni yenye nuru kuliko nyota zote, na ndiyo inayoonekana mapema, wakati bado kuna weupe wa machweo, yaani wakati uleule na upande uleule tunaoutafutia mwezi. Jioni ya Machi 24, 2023, katika siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1444, mwezi mchanga na Zuhura vilikaa jirani kabisa, na picha zake zikazunguka kwenye simu za ulimwengu mzima. Nilizipokea zaidi ya kumi, nyingine zikiwa na maelezo kwamba ni alama ya jambo kubwa linalokuja. Ni alama, ndiyo, kama zilivyo alama za Allah (s.w.) zote mbinguni, lakini mwezi hupita karibu na Zuhura kila mwezi, mara karibu zaidi, mara mbali kidogo.

Ngumi, vidole na dira ya kibla

Mzee wa Kilwa hakuwa na darubini. Alikuwa na mkono. Nyoosha mkono wako mbele yako na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni kama nyuzi 10 za mbingu. Kidole kimoja ni chini ya nyuzi 2. Mwezi mzima, ambao watu huudhania mkubwa, ni nusu ya nyuzi moja tu, hufunikwa na kidole kidogo na nafasi ikabaki. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kwa vidole hivyohivyo, waliviita isba, na walikuwa na kibao kidogo chenye uzi wa mafundo wakakiita kamal. Shihabuddin Ahmad bin Majid, nahodha aliyezaliwa Julfar, mahali palipo leo Ras al-Khaimah, aliandika elimu hii yote katika kitabu chake mnamo 1490, na miongoni mwa tungo zake umo mmoja juu ya njia ya kuja Sofala. Habari iliyozoeleka kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 watafiti wengi siku hizi hawaikubali, nami nafurahi, kwani ilikuwa ikimsumbua mzee wangu.

Kwa kipimo cha ngumi unaweza kuujua mwezi unaostahili kutafutwa. Mwezi hujitenga na jua kiasi cha nusu nyuzi kila saa. Ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua, hauna hata uzi wa nuru wa kuonekana. Basi mwezi wa jioni ya kwanza huwa umbali wa ngumi moja, au moja na nusu, kutoka pale jua lilipozamia. Anayekuambia ameuona juu kabisa, ngumi nne kutoka kwenye upeo, ama kaona kitu kingine ama mwezi huo si wa leo. Na tumbo la mwezi hulielekea jua daima, pembe hulipa mgongo. Hapa kwetu karibu na ikweta hulala kama mtumbwi, si kama ule wa kwenye mnara wa msikiti uliosimama wima.

Ipo njia nyingine rahisi kuliko zote, na ni ya wale wanaoamka kwenda msikitini Alfajiri. Tarehe 27 na 28, ukitoka nyumbani, tazama mashariki. Utauona mwezi mkongwe, mwembamba, umepinda kama lile karara kuukuu la mtende lililotajwa katika Surat Yasin, aya ya 39. Siku unayouona alfajiri upande wa mashariki, jioni yake usijisumbue kuutafuta magharibi, kwani bado haujakutana na jua. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta wala simu ya shemeji.

Na kwa kuwa nimetaja msikiti, niongeze jambo ambalo watu wa Dar es Salaam wamebahatika nalo. Makkah iko karibu kaskazini kamili ya mji huu, tofauti ni kama nyuzi moja tu kuelekea mashariki. Nyota ya Kaskazini hatuioni, iko chini ya upeo wetu, lakini tunao Msalaba wa Kusini. Mwezi wa Mei mpaka Julai, baada ya Isha, tazama kusini utaona nyota nne zenye umbo hilo. Vuta mstari kutoka kichwani kwenda mguuni, uendeleze mara nne na nusu ya urefu wake, kisha shuka wima mpaka kwenye upeo. Hapo ni kusini. Geuka uipe mgongo, umeelekea kibla. Jina la nyota hizo lisikutishe, mabaharia Waislamu walizitumia bila wasiwasi. Nimeshawahi kusimama na watu usiku shambani, kila mmoja ana simu yenye dira yake na kila dira inaonyesha kwingine, nikawaonyesha mbingu.

Siku jua lilipopatwa

Kama kuna siku ambayo Watanzania walionyeshwa mchana kweupe namna mwezi unavyozaliwa, ni Alhamisi ya Septemba 1, 2016. Jua lilipatwa kwa umbo la pete, na watu wakasafiri mpaka Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kuiona pete kamili. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaeleza wananchi habari za anga, alikuwa miongoni mwa waliotuandaa tusiharibu macho. Mimi nilibaki Kimara. Karibu saa 6 mchana nuru ilipauka, na chini ya mwembe wetu kila tundu la mwanga lililopita kati ya majani likawa hilali ndogo ardhini, mamia ya hilali juu ya mchanga. Watoto walizikanyaga wakicheka. Tuliswali swala ya kupatwa kwa jua kisha tukarudi kutazama.

Kupatwa kwa jua ni kule kule kukutana kwa mwezi na jua, ila tu siku hiyo mwezi ulipita mbele hasa. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi wa hesabu: kila mwenye macho aliona saa ambayo mwezi wa Dhulqaadi ulikuwa unamalizika. Jua lilipozama Dar es Salaam, mwezi mpya ulikuwa na umri wa saa 6 na kidogo. Nilipanda juu ya paa na darubini ya macho mawili niliyonunua mtumba, nikatazama mpaka giza. Hapakuwa na kitu. Siku ya kwanza ya Dhulhijja ilitangazwa Makkah kuwa Septemba 3, na kisimamo cha Arafa kikawa Septemba 11.

Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Wataalamu wa hesabu za nyota wanaikadiria siku hiyo kuwa Januari 27, mwaka 632. Yeye, baba aliyekuwa na uchungu wa mtoto, akawakataza: jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Yako pia mapokeo kwamba aliwauliza masahaba wakisemaje zamani kilipoanguka kimondo, wakajibu walikuwa wakisema amezaliwa au amekufa mtu mkubwa, naye akaikanusha dhana hiyo. Nayakumbuka hayo kila ninaposikia mtaani kwamba nyota yenye mkia imeleta vita. Ile ya Oktoba 2024 niliiona kwa shida kutoka Kimara, jioni, kama alama ya chaki iliyofutwa vibaya. Ni barafu na vumbi linalochemshwa na jua. Wanaotaka kushika kwa mikono kitu kilichotoka huko juu waende Mbozi, mkoa wa Songwe, wakakione kimondo cha chuma chenye urefu wa mita 3 na uzito unaokadiriwa tani 16.

Kimara ya sasa haina giza. Barabara ya Morogoro imepanuliwa, taa zimeongezeka, na tangu stendi kubwa ya mabasi ya Mbezi Luis ifunguliwe mwaka 2021 upeo wetu wa magharibi una weupe usiokwisha. Njia ile nyeupe ya nyota inayokatiza mbinguni niliiona vizuri zaidi wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 2006, na sitamwambia mtu yeyote kwamba niliufurahia mgao. Lakini sayari tano zinaonekana hata katikati ya Kariakoo. Kupatwa kwa mwezi pia, kama kule kwa Septemba 7, 2025, mwezi ulipokuwa mwekundu kuanzia saa 2 na nusu usiku mpaka karibu saa 4. Kinachohitajika ni daftari, kalamu, na kutoka nje baada ya Magharibi, siku zote, si siku mbili kwa mwaka. Andika tarehe, jua limezama wapi, mwezi uko ngumi ngapi, nyota gani ipo jirani. Miezi sita ya kuandika hivyo itakufaa kuliko makala haya.

Jioni ya Machi 21, 2023, ambayo kwa hesabu ya baadhi yetu ilikuwa 29 Shaaban, kijana mmoja wa mtaani alinijia mbio nyumbani, anahema, akasema ameuona. Ni kijana mwema, na hata kidogo sikudhani anadanganya. Nikamuuliza uko upande gani, akanionyesha, chini magharibi. Mushtarii ilikuwa palepale jioni hizo, ikikaribia kuzama. Mwezi wenyewe ulikuwa bado haujakutana na jua.

"Pembe zake zimetazama wapi?"

Akasimama kidogo. Nilimwona anatafuta jibu, na jibu la kupendeza lilikuwa jepesi kulisema.

"Mzee, pembe sikuziona," akasema. "Ngoja nirudi nikatazame vizuri."

Nikachukua darubini, tukapanda wote.